Themelina Koullias, Aliyepanga Lugha Zote na Kuifuta ya Mama Yake

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi jioni, Bi. Themelina Koullias atarudisha ufunguo wa ofisi yake na kustaafu rasmi, baada ya kukitumikia Chuo Kikuu cha Rasi ya Kaskazini kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Miaka ishirini na tisa kati ya hiyo amekuwa Mratibu wa Mipango ya Lugha za Kigeni. Amefanya kazi chini ya wakuu saba wa chuo, ameandika mipango saba ya lugha, na amehamishwa ofisi mara tisa, mara mbili akirudishwa chumba kile kile alichohamishwa.

Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike wasifu huu kwa uchangamfu. Nitajaribu. Ila sisi wa idara ya lugha tumechoka, na anayeagwa amechoka kuliko sote, kwa hiyo msomaji asishangae akikuta uchangamfu wenyewe umevuta kiti na kukaa.

Themelina alizaliwa hapa hapa Darwin, ncha hii ya kaskazini ya Australia, binti wa mwisho wa wazazi waliotoka kisiwa cha Kalymnos, Ugiriki. Baba yake, marehemu Mikes, aliletwa kuzamia chaza wa lulu. Akaiona bahari yetu, akaona haimpendi, akashika mwiko na saruji akajenga nyumba za watu. Mama yake, Bibi Sevasti, alipika katika mkahawa wa shule ya msingi kwa miaka ishirini, akawalea wanawe kwa Kigiriki nyumbani na kwa Kiingereza cha kuombea chumvi mtaani.

Alianza kazi chuoni Julai 1992, akiwa karani wa ratiba. Hajawahi kufundisha kipindi hata kimoja, na watu wengi wamewahi kumuuliza kwa dharau kidogo, sasa wewe unafanya nini hasa? Anachofanya ni hiki. Anajua ni vijana wangapi wa miji ya Palmerston na Katherine wamefika kidato cha mwisho wakisoma Kiindonesia. Anajua ni mwalimu yupi atakwenda likizo ya uzazi na nani atamshikia darasa. Anajua kwamba Kichina kikiwekwa Jumanne asubuhi kitagongana na maabara ya uuguzi, na kwamba mwanafunzi akilazimishwa kuchagua kati ya sindano na lugha, atachagua sindano. Mpango ukiwa mzuri hakuna anayeuona. Ukiwa mbaya, mlango wa Themelina haufungiki.

Ana kanuni moja ambayo kila mwalimu mpya aliisikia wiki ya kwanza: usifungue darasa la mwaka wa kwanza kama hujui nani atafundisha mwaka wa tatu. Aliitumia hata nje ya kazi. Mwenzetu wa Kijapani alipotangaza uchumba wake kwenye chai ya saa nne, watu wote walishangilia, Themelina akauliza, "Hongera sana. Na mwaka wa tatu umeupangaje?"

Kisa kingine ambacho wapya hawakijui. Mwaka mmoja wa mvua kubwa alikuwa anarudi kutoka Katherine kuhesabu wanafunzi, mto ukakata barabara, akakwama katika kijiji cha Adelaide River siku mbili pamoja na madereva wa malori. Kwenye foleni ya chai akamtazama mmoja wao usoni.

"Wewe si Blacklock? Kiindonesia, mwaka wa pili, ukapotea?"

"Sikupotea, mama. Nilipata lori."

"Lori lina redio ya kanda?"

"Linayo."

"Basi lina darasa."

Alimtumia kanda kwa posta, kituo baada ya kituo. Trevor Blacklock alimaliza stashahada yake baada ya miaka saba. Mtihani wa mwisho wa kuzungumza aliufanya kwa simu kutoka kituo cha mafuta, ng'ombe mia wakilia nyuma yake, na mtahini akaandika kwamba matamshi ya mtahiniwa ni safi ila mazingira yana kelele.

Mimi nilimjua mwaka 1999. Septemba ile ndege zilikuwa zinatua Darwin zimejaa watu wa Timor, ndugu zetu, waliokimbia machafuko na nguo walizovaa tu. Nilikuwa dobi wa hospitali, naosha mashuka, na mchana naitwa wodini kutafsiri kwa sababu hapakuwa na mwingine. Jumapili moja pale sokoni Rapid Creek nilikuwa nabishana na bibi mmoja kwa Kitetum, lugha yetu ya Timor, juu ya mapapai. Mwanamke mwenye miwani mikubwa akasimama karibu yangu, kapu mkononi, akasikiliza hadi tukamaliza.

"Dada, lugha hiyo unaweza kuiandika?"

"Naweza. Nikikosea nani atajua?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Njoo chuoni kesho."

Nilifikiri ananitafutia kazi ya kusafisha. Kumbe alikuwa ameshaiandikia barua kamati: wauguzi, polisi na watu wa misaada wanahitaji Kitetum, hatuna, na mwalimu tunaye ila hajui kama ni mwalimu. Alinipeleka kusoma ualimu jioni, akanipangia vipindi visivyogongana na zamu zangu za mashuka, na mwaka 2001 Kitetum kikafunguliwa kikiwa na wanafunzi ishirini na mmoja. Mwaka wa tatu alikuwa ameshaupanga.

Miaka ile tulikuwa na lugha nane. Wageni wa Kijapani walijaa mjini, Kiindonesia kilisomwa mpaka na wavuvi. Kisha upepo ukageuka. Shule zikapunguza lugha, vijana wakaambiwa simu zitawatafsiria, na kila mkuu mpya wa chuo alikuja na neno jipya lenye maana ya kupunguza. Kirusi kiliondoka, Kihispania kikafuata. Themelina aliandika mpango wa tatu, wa nne. Aliandika kila mmoja kana kwamba utasomwa.

Agosti 2016 naibu mkuu wa chuo wa wakati huo, Profesa Graeme Tulloch, alimwita. Lugha sita zilizobaki zitakuwa tano. Kila lugha isiyofikisha wanafunzi kumi na watano mwaka wa pili inatoka. Zisizofika zilikuwa mbili: Kitetum, wanafunzi tisa, na Kigiriki, kumi na mmoja. Ila Baraza la chuo lilikuwa limetoa nafasi moja ya upendeleo. Moja ingevuka bila kufikisha idadi, na Themelina ndiye angependekeza ni ipi.

"Themi, kila mtu anajua utaandika nini," Profesa Tulloch alimwambia. "Wala hakuna atakayekulaumu."

"Hapo ndipo penye shida, Profesa," akamjibu.

Darwin ni mji wa Wagiriki, hilo halina haja ya kuelezwa. Jumuiya yao ilikuwa imeshakusanya saini elfu mbili za kukitetea Kigiriki, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya Bibi Sevasti. Mimi nilianza kuondoa vitabu vyangu rafuni. Sikuwa na hasira. Mtu hashindani na mama wa mtu.

Themelina alikuja ofisini kwangu na daftari.

"Wanafunzi wako tisa wanafanya kazi wapi?"

Nikamwambia: watatu hospitali, wawili mahakamani, mmoja polisi, mmoja anafundisha Dili kwetu Timor, wawili sijui.

"Wakitaka kujifunza Kitetum mahali pengine, waende wapi?"

"Sipajui, dada Themi."

Aliandika hayo daftarini. Alikwenda kwa mwalimu wa Kigiriki, Bi. Polyxeni Vrettou, akamuuliza maswali yale yale mawili. Kigiriki kilifundishwa katika vyuo vya kusini, na mwanafunzi wa hapa aliweza kujiunga navyo kwa masafa, bila kuhama. Wiki tatu baadaye pendekezo likatoka, ukurasa mmoja: Kitetum kivuke.

Angeweza kumwachia Profesa Tulloch atangaze. Alikwenda mwenyewe kwenye ukumbi wa jumuiya, Jumapili baada ya ibada, na akaniomba nimsindikize. Sikuelewa neno lolote lililosemwa. Alinitafsiria baadaye kwenye gari, kavu kavu, kama anayesoma kumbukumbu za kikao.

Wanaume walisema sana. Mmoja alimuuliza kama amelipwa na Watimor, na macho yote yakanigeukia. Yeye akaeleza idadi, akaeleza masafa, akaeleza nafasi moja. Kisha Bibi Sevasti akasimama kwa fimbo.

"Themelina. Hao wanafunzi umewahesabu?"

"Nimewahesabu, mama. Kumi na mmoja."

"Na mimi umenihesabu?"

"Mama, wewe Kigiriki unakijua tayari."

Watu wawili watatu walicheka. Bibi Sevasti hakucheka.

"Nakijua. Nitaongea na nani?"

Bi. Vrettou alikusanya vitu vyake Desemba akahamia mji wa Adelaide, kusini, kwa binti yake. Alimpa Themelina mkono, lakini mkono tu. Na Bibi Sevasti akamtafutia mwanawe adhabu ambayo hata sisi wataalamu wa lugha tusingeibuni: akaacha kuzungumza naye Kigiriki. Kila Themelina alipokwenda kumtazama alipokewa kwa Kiingereza, kile cha mkahawa wa shule. "Karibu. Kaa. Unataka chai? Asante. Kwaheri." Miezi saba. Themelina alikuwa akirudi kazini baada ya chakula cha mchana, anatwambia, "Leo nimepata sentensi sita," kisha anafungua ratiba.

Adhabu iliisha siku ya Pasaka. Mama alimwekea mkononi yai jekundu, desturi ya Wagiriki siku hiyo, akamtazama, akasema kwa Kigiriki, "Umekonda. Kula." Themelina alikula yai lile pamoja na ganda lililogandia, kwa mujibu wake mwenyewe, maana alishindwa kuona vizuri.

Ningependa wasifu uishie hapo. Haukuishia.

Mwaka 2019 Bibi Sevasti alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulirudi, mguu ulirudi nusu, Kiingereza hakikurudi. Kilifutika chote, hata cha kuombea chumvi. Alipelekwa katika nyumba ya kutunzia wazee, mahali pasafi, wahudumu wema, wengi wao wahitimu wetu. Wiki ya pili Themelina alisoma daftari la zamu juu ya kitanda cha mama yake. Lilikuwa limeandikwa: mgonjwa anaropoka tangu asubuhi.

Akamwinamia. "Mama, unasemaje?"

"Nimewaambia mara kumi. Dirisha. Baridi ya hii mashine yao inanikata mgongo."

Themelina akafunga kidirisha cha kiyoyozi kilichokuwa kikipuliza kitandani. Mhudumu aliyekuwapo, binti wa Kifilipino aitwaye Jocelyn Dimaano, alishika kichwa kwa aibu.

"Tusamehe, mama. Hatukujua. Nilipokuwa chuo kulikuwa na somo la Kigiriki, nikasema nitalichukua mwaka wa pili. Wakaja wakalifuta."

"Nililifuta mimi," Themelina akasema.

Alinisimulia hayo siku ile ile, amesimama mlangoni kwangu, mkoba bado begani. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba hadi leo: kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi, na akiletewa tena karatasi ile ataandika vile vile, na kwamba kuwa sahihi hakumsaidii mama yake kupata maji.

Kwa miaka miwili hakula chakula cha mchana pamoja nasi. Saa sita na nusu alikuwa njiani kwenda kutafsiri, saa nane kasoro alikuwa amerudi. Ukutani kwa mama yake alibandika picha za glasi, blanketi, choo, dirisha, na neno la Kigiriki chini ya kila moja kwa herufi ambazo mhudumu anaweza kuzitamka. Na jioni aliandika mpango wa sita.

Mpango huo haukurudisha shahada ya Kigiriki. Ulitaka muhula mmoja tu kwa wauguzi na watunza wazee: mwalimu awe kusini, afundishe kwa skrini, na wazee wa hapa mjini wawe watu wa kuzungumza nao ana kwa ana mara mbili kwa wiki. Ulikuwa mpango mwembamba na mzuri. Kamati iliukataa Machi 2020. Sababu iliyoandikwa ni maslahi binafsi ya mwandishi, kwa kuwa mama yake ni mgonjwa.

Mtu mwingine angevunja kiti. Yeye alifuta jina lake kwenye jalada, akaniletea.

"Upeleke wewe."

"Mimi? Dada Themi, mimi ndiye niliyepewa nafasi ya Kigiriki. Watanicheka."

"Kwa hiyo watasikiliza."

Niliupeleka mara mbili. Mara ya kwanza ulikuja ugonjwa wa dunia nzima na kila kitu kikasimamishwa. Mara ya pili nilizungumza vibaya, nikachanganya kurasa, nikamwambia mwenyekiti kwamba kama angekuwa anaropoka kwa Kiingereza mahali ambapo hakuna anayekijua, angependa mtu ajue ni dirisha. Wakapitisha. Ilikuwa Novemba 2021. Bibi Sevasti alikuwa amezikwa Agosti.

Darasa lilifunguliwa Februari iliyofuata. Waliojiandikisha walikuwa kumi na wanne, na kiwango, kama mnavyokijua, ni kumi na watano. Themelina alikaa na orodha ile siku nzima. Hakuomba upendeleo wowote kwa kamati, wala hakuniomba mimi chochote. Nilikwenda tu dirisha la usajili nikajaza fomu, nikiwa na umri wa miaka hamsini na tatu. Nilipata alama ya kupita kwa shida, na mtahini alisema Kigiriki changu kinanukia samaki wa Timor. Naomba mhariri asilikate hilo. Ni mafanikio.

Tangu hapo, wahudumu hamsini na watatu wamepita katika muhula ule. Lugha za chuo bado ni tano, ukiacha huo muhula mmoja ambao hakuna anayejua uhesabiwe vipi. Kitetum mwaka huu kina wanafunzi wanane na kimewekwa tena kwenye orodha ya kuangaliwa. Mpango wa saba uko mezani kwa naibu mkuu wa sasa, na hatujui kama umefunguliwa. Mrithi wa Themelina hajaajiriwa. Tangazo lilitoka likarudi, likatoka tena na jina jingine la cheo.

Wiki iliyopita alinichukua kwa gari lake kwenda kwenye ile nyumba ya wazee, kukabidhi orodha ya wazee wanaokubali kuzungumza na wanafunzi. Tulipita koridoni tukasikia sauti kutoka chumba kimoja. Jocelyn, ambaye sasa ni mkuu wa zamu, alikuwa amepiga magoti mbele ya Mzee Nomikos, aliyekuwa fundi wa mashua, na anamuuliza kwa Kigiriki cha taratibu. Safari hii nilielewa mwenyewe.

"Mzee wangu, panauma wapi? Kifuani au tumboni?"

"Masikioni, binti, kwa hiyo lafudhi yako."

"Haya, nitamwita daktari wa lafudhi. Kifuani au tumboni?"

"Gotini. Hili. Toka jana. Na chai yenu ni maji ya kuoshea vyombo, hilo nalo liandike."

"Naandika, mzee. Goti. Chai."

Aliandika kweli, vyote viwili.

Themelina alisimama nje ya mlango, mkono ukutani. Nilidhani ataingia kusalimia, maana Mzee Nomikos alikuwamo katika ukumbi wa jumuiya ile Jumapili ya mwaka 2016, na mzee huyo hajamsemesha tangu hapo. Hakuingia. Alisikiliza mpaka Jocelyn akainuka, kisha akageuka tukarudi kwenye gari. Aliwasha injini, hakuondoka.

"Dada Themi," nikamwambia, "kazi umeifanya."

Akafuta miwani kwa pindo la blauzi.

"Agosti mpaka Februari. Nimechelewa miezi sita," akasema, akaingiza gia.

Hakuna mwenzake anayeweza kumjibu hilo, na wasifu huu hautajaribu. Tunaloweza ni kuandika kwenye jarida la chuo, wino mweusi na jina kamili, kwamba Themelina Koullias alipewa nafasi moja ya kuipendelea nyumba yake, na akawapa watu ambao hakuwa na undugu nao. Mimi ni mmoja wao. Kwa miaka tisa nimepita mbele ya mlango wake kila asubuhi nikimwambia habari za asubuhi, na sikuwahi kumwambia asante, kwa sababu kila nilipofungua mdomo nilimwona Bibi Sevasti amesimama na fimbo yake. Nasema sasa. Asante, dada Themi.

Kwa niaba ya walimu wa Kichina, Kifaransa, Kiindonesia, Kijapani na Kitetum, wa masafa na wa darasani, na wanafunzi ambao hawajui kwamba kuna mtu aliyewapangia: nenda salama, uwe na afya, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi. Jumatatu, mtu akigonga mlango wako kuuliza wamejiandikisha wangapi, usifungue.

Olandina Lay
Mwalimu wa Kitetum, Idara ya Lugha